Mzee Kizito Wakhungu, Aliyetaka Kuulizwa Kwanza

Mzee Kizito Wakhungu alizaliwa tarehe 12 Machi 1944 kijijini Matulo, karibu na Webuye, mtoto wa pili wa marehemu Walubengo na marehemu Nasimiyu. Alisoma hapo hapo Matulo hadi darasa la nane, mwaka 1961, kisha akaenda Kitale kufanya kazi kwenye mashamba ya mahindi.

Mwaka 1974 aliajiriwa kiwandani Webuye, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu, kazi aliyoishika mpaka alipostaafu mwaka 2001. Waliofanya kazi chini yake wanajua kwamba hakumgusa mtu begani kabla ya kumwita jina. Alisema mtu akishtuliwa karibu na mashine hupoteza kidole.

Tarehe 19 Desemba 1970 alifunga ndoa na Phelista wa Misikhu, wakajaliwa watoto wawili, Emmy na Wanyonyi. Mama Phelista alimtangulia mwaka 2016.

Juni 2022, kiharusi kilimlemaza upande wa kushoto. Emmy, karani wa serikali mjini Kitale, ambaye ndiye anayewasomea haya, alitaka kumhamishia kwake. Mzee alikataa katakata. Alisema atatafuta mhudumu mwenyewe, atamsaili mwenyewe, na asipofaa atamwachisha kazi mwenyewe. Tangu siku hiyo Emmy hakuwa na raha. Alipiga simu asubuhi, mchana na jioni, na ikiita bila kupokelewa alipiga tena na tena mpaka asikie sauti ya babake.

Waliokuja kusailiwa walikuwa watatu, na mtihani ulikuwa mmoja tu: kumtoa Mzee kitini na kumfikisha mlangoni. Wa kwanza alimnyanyua kama gunia. Wa pili akauvuta mkono ule ule mbovu. Wa tatu, Bethwel Kipketer wa Kapsokwony, alisimama mbele yake akauliza, "Mzee, nikushike wapi?"

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi uko kazini," Mzee akamjibu.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024, Emmy alifika Matulo bila taarifa, akaona alama nyeusi kwenye mkono wa babake. Hofu yote ya miaka miwili ikampanda kichwani, akaamini Bethwel anampiga. Alimwita Bethwel nje, akamwambia afungashe virago.

"Madam, si uulize Mzee kwanza?"

"Nimejionea na macho yangu."

Hasira hasara. Bethwel alipoondoka, Emmy alimkamata babake haraka haraka amwingize garini, waende Kitale. Aliushika mkono wa kushoto. Mzee alipiga yowe, wakaanguka wote wawili nyasini, na jirani ndiye aliyewainua. Asubuhi yake, kwenye mkono ule palikuwa na alama mpya: vidole vinne, vya Emmy mwenyewe. Mzee alimweleza kwamba dawa yake ya kufanya damu iwe nyepesi huacha alama hata akiguswa kidogo.

"Ungeniuliza, si ningekwambia?" alisema. Kisha akachukua simu. "Bethwel, mimi ndio nilikuandika kazi. Ati umefutwa na nani? Rudi, bana."

Bethwel alirudi Jumatatu. Emmy alimwomba msamaha, lakini hofu haikumtoka. Aliendelea kupiga simu mara tatu kwa siku.

Jumapili tarehe 6 Julai 2025, kiharusi kilimrudia Mzee, akalazwa hospitalini Bungoma. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 10, pumzi ilimwia nzito, ikabidi ainuliwe. Bethwel alisogea, halafu akampisha Emmy. Emmy alisimama amenyoosha mikono, asijue aanzie wapi.

"Baba, nikushike wapi?"

Mzee hakuweza tena kusema. Aliinua mkono wa kulia polepole, akauweka nyuma ya shingo yake mwenyewe. Emmy akamshika hapo, akamwinua, na saa nne kasoro babake akakata roho akiwa amemwegemea.

Mzee ameacha watoto wake Emmy na Wanyonyi, dada yake Gladwell, wajukuu watano, na Bethwel Kipketer, ambaye Mzee alimwajiri mwenyewe na hakumwachisha kazi kamwe.

Apumzike kwa amani. Na watakaobeba jeneza wanaombwa wasilishike bado. Wamngoje Bethwel awaonyeshe pa kushika.