Bwana Nzilani Hajawahi Kufika Kazini

Mgeni rasmi, Bwana Ofisa wa Kodi ya Mapato. Mwajiri wetu, Bwana Kiema. Wageni wote waheshimiwa:

MAKARIBISHO
Karibu Matinyani. Vumbi lililokupanda viatuni ni salamu yetu ya kwanza. Ya pili ni muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, na tayari unatokota, kwa hivyo risala hii haitakuwa ndefu. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walikuwa wakikusubiri wewe.

TULIKOTOKA NA TULIPO
Kiwanda hiki cha kusokota kamba za mkonge kilianza mwaka 1971 na mashine moja na punda wanne. Leo, mwaka 1983, tuko wafanyakazi sabini na wawili. Punda wamestaafu. Majirani hututania kwamba Wakamba kusokota kamba si kazi, ni ukoo. Hatujagoma hata siku moja, na timu yetu ya kuvuta kamba haijashindwa, kwa sababu unazoziona.

CHANGAMOTO
Ni moja tu, na imeketi mstari wa pili, imejifunga kitambaa cha manjano.

Huyo ni Mama Nzilani, mjane wa marehemu Ndolo. Hakujaliwa mtoto, na kwa desturi yetu akamwoa Kalunde, akamtolea mbuzi mbele ya wazee, ili jina la Ndolo lisipotee. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Kalunde amezaa watoto watatu, na Nzilani ndiye anayewalisha na kuwasomesha.

Mwaka jana fomu ya kodi ilimwuliza: Umeoa? Nzilani hadanganyi hata karatasi. Akaandikisha: Ndiyo. Jina la mke: Kalunde.

Karani wetu wa mishahara, Bwana Jabiri, akamwita dirishani.

"Mama, hapa ni pa wanaume."

"Kwani ni wanaume walitoa mbuzi? Ni mimi nilitoa."

"Lakini wewe ni mwanamke!"

"Sijakataa. Fomu imeuliza hiyo?"

Jabiri ni mtu mwema, anaogopa makosa kuliko nyoka. Akafungua kadi mbili za kodi: ya Bi Nzilani, asiye na mume, na ya Bwana Nzilani, mwenye mke. Alikusudia kufuta moja akishajibiwa kutoka Nairobi. Hakujibiwa. Tangu hapo mshahara ule mmoja unakatwa mara mbili, na Bwana Nzilani, ambaye hatujapata kumwona, amekuwa mlipa kodi hodari kuliko sisi sote tulio na miguu.

Tulicheka sana. Nzilani naye alicheka, mpaka mwezi huu, Mumbua, kifungua mimba wa Kalunde, alipoitwa kidato cha kwanza. Karo haikutosha. Sanduku la msichana liko mlangoni, limefungwa, na shule imesema nafasi yake itangoja hadi Ijumaa tu. Hapo kicheko kilitukauka, na tunakwambia wazi kwamba tumeumia.

Bwana Kiema, ambaye tunamheshimu, anasema kadi haiwezi kufutwa mpaka Bwana Nzilani afike mwenyewe kutia sahihi. Wiki jana alimwandikia barua ya onyo kwa utoro.

MAOMBI
Tunaomba Nzilani awe na kadi moja, na kilichokatwa zaidi kirudi kabla ya Ijumaa. Tunaomba pia fomu ya mwakani iache kuuliza nani kaoa, iulize nani analisha wangapi. Ikishindikana, Nzilani yuko tayari leo hii kutia sahihi mara mbili: mkono wa kulia kwa Bi, wa kushoto kwa Bwana. Kalamu amekuja nayo.

Mungu akufikishe kwako salama, na mvua ikukute umeshaingia ndani.

Imesomwa na Nthenya Mutunga, katibu, kwa niaba ya wasokota kamba wote wa Matinyani: watu sabini na wawili. Kwa kitabu cha ofisi, sabini na watatu.