Gauni la Likizo la Sista Maximilla

Kwa niaba ya familia, mimi Gordon, kaka yake mkubwa, nawasomea maisha ya dada yetu, Sista Maximilla Aoko, na mkiniona nimekunja uso msidhani ni majonzi peke yake.

Maximilla alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kule Dunga, binti wa Mzee Ochieng na Mama Dorca, akasoma hukohuko, akafuzu uuguzi mjini Kisumu mwaka 1973, akaajiriwa katika hospitali ambayo wazee wamenisihi nisiitaje jina.

Tarehe 6 Disemba 1975 aliolewa na Mwalimu Dalmas Ogola, wakaishi Kaloleni, Mungu akawajalia pacha, Apiyo na Adongo, kisha Ochieng, aliyerithi jina la babu yake.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 1994, wauguzi walipopungua, watoto wakawa wanalazwa wawili wawili kitandani na kumfia mikononi, naye akawa anasikia vilio vyao hata nyumbani, anaacha ugali mezani na kukimbilia mlangoni, halali, hacheki. Daktari alimwandikia apumzike miezi mitatu, lakini wakubwa wake wakamjibu kwamba sista hashikwi na wazimu, akanywe chai ya rangi, amwombe Mungu, kisha wakamwongezea zamu za usiku. Na hao ni watu waliosomea kutibu! Shukrani ya punda ni mateke, nasi tumeyaona.

Tarehe 2 Agosti 1996 alianguka wodini akiwa kazini, presha ikammaliza papo hapo.

Jana wakubwa hao walileta shada la maua kubwa kuliko jeneza, pamoja na ombi kwamba azikwe na sare nyeupe na kofia, kama ilivyo desturi ya wauguzi. Tumekataa. Maiti huvuliwa kilichomuua, havishwi tena. Sare iko pale mezani, imefuliwa na kupigwa pasi, waondoke nayo, na shada lao walibebe. Dada yetu amevaa gauni la maua ya manjano, alilolinunua sokoni Kibuye mwaka juzi kwa ajili ya likizo aliyoandikiwa na daktari, na ambalo hakuwahi kulivaa.

Tunamshukuru daktari huyo, majirani wa Kaloleni waliomshika mkono akitangatanga, na wauguzi wenzake, ambao hatuwafukuzi, wapange mstari na kuwasha mishumaa yao ya kumuaga mwenzao, ila nao wadai likizo wangali hai.

Pumzika kwa amani, Maximilla, likizo yako imeanza, na safari hii hakuna wa kukuita zamu.