Makosa Kumi ya Kamera

Benchi lenyewe lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na limekaa kati ya mlango wa studio ya picha na kibanda cha fundi viatu. Upande wa studio hukaa Tabasamu, mpiga picha, aliyepewa jina hilo kwa sababu ndilo neno analowaamrisha wateja kutwa nzima, tena kwa sauti ya askari. Upande wa pili hukaa Soli, fundi viatu, anayezungumza na misumari mdomoni na bado akaeleweka. Katikati ni Wakili, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajasomea sheria hata siku moja ila hajawahi kushindwa kesi pale benchini, maana hanyamazi. Na mbele yao, juu ya kigoda, ni Mama Birika na kahawa yake, ambaye bila yeye wote hao wangekuwa kazini.

Siku hiyo Tabasamu alikuwa amevaa shati ambalo mkewe alilipiga pasi mara mbili. Saa kumi chama cha wapiga picha kingekutana ukumbini, na jina lake lingesomwa mbele ya watu, apewe cheti. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kusomewa jambo jema na chama kile. Jambo baya walishamsomea, tena kwa kicheko. Miaka mitatu nyuma, alipokuwa wa kwanza mtaani kununua kamera kubwa ya dijitali, aliipeleka harusini. Baba wa bibi harusi, mzee mgumu asiyejua kulia, akamkumbatia binti yake na machozi yakamtoka. Tabasamu akabonyeza. Kamera ilikuwa imelala kuokoa betri, ikachukua sekunde tatu nzima kuamka, na ilipoamka mzee alishageuka. Akapata mgongo. Alipotaka kutazama walau ule mgongo, dole gumba likagusa kitufe cha kufuta kilichokaa ubavuni mwa kitufe cha kutazama, na mgongo nao ukaenda. Tangu siku hiyo wenzake chamani wakamwita Fundi wa Migongo, na jina hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kukiri, hata kwa mkewe.

Kesho yake baada ya harusi ile, benchi lilikaa kikao. Wakaandika barua kwa wenye kiwanda, makosa kumi kwa namba, kila mtu akachangia. Na sasa toleo la pili la kamera ile ile lilikuwa limefika. Tabasamu alikuwa amelipakata, na katika yale makosa kumi waliyoyaandika, alivyohesabu yeye, saba yalikuwa yamerekebishwa. Chama kilipopata habari kwamba kuna mwanachama wake aliyesikilizwa na kiwanda, kikaagiza cheti.

— Hebu iamshe tena, alisema Mama Birika.

Tabasamu akagusa kitufe kwa kidole kimoja. Kamera ikaamka kabla mama hajamaliza kuinua shingo.

— Umeona? Siku hizi hailali, inasinzia tu.

— Hiyo ni ya kwangu, alisema Wakili. Namba moja niliisema mimi. Niliwaambia, mashine yangu ya kunyolea nikiiwasha inalia hapo hapo. Ingekuwa inangoja sekunde tatu, nani angeniachia kichwa chake? Ndiyo wahenga wakasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Methali hiyo ni ya watoto watukutu, alisema Soli.

— Na kamera ilikuwa nini? Ilikuwa inalala kazini.

Mama Birika alidai namba mbili, na hapo hapakuwa na wa kumpinga. Yeye ndiye aliyeuliza siku ile kwa nini kitufe cha kufuta kipangishwe chumba kimoja na kitufe cha kutazama. Nyumbani kwake, alisema, chumvi na sukari hazikai rafu moja, kwa sababu mkono una haraka kuliko akili. Kwenye toleo jipya kitufe cha kufuta kilikuwa kimehamishiwa kona ya mbali, na ukikibonyeza kamera haifuti mpaka ubonyeze mara ya pili. Tabasamu aliwaonyesha, akabonyeza mara moja na kuacha, na skrini ikabaki inasubiri.

— Inauliza una hakika, alieleza.

— Swali hilo hata mume wangu hajawahi kuniuliza, alisema Mama Birika.

Soli akatema misumari kiganjani, akaomba naye aishike. Aliishika kama mtu anayepima kiatu, akabonyeza ule mpira mzito uliofunika mahali pa kushikia, akapitisha kidole kwenye mfereji uliochimbwa kwa ajili ya vidole vya mbele. Ile ya zamani ilikuwa laini kama sahani, mkono ukitoka jasho inateleza. Soli ndiye aliyeandikisha kwamba mkono nao ni mguu, unataka soli ya kukamata chini.

— Kazi safi, alisema taratibu. Hata gundi haijavuja pembeni.

Akairudisha kwa mikono miwili. Tabasamu aliona macho ya fundi yameng'aa, na yeye mwenyewe kifua kikamjaa. Watu wanne wa benchi moja, aliwaza, hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege, na vidole vyao vimefika mpaka kiwandani. Aliwaambia hivyo hivyo, bila kuona haya.

Kahawa ikaongezwa, na kama ilivyo desturi ya pale, kahawa ikiongezwa ukweli hupungua. Soli akakumbuka kwamba mwaka juzi alikuja mgeni mmoja mwenye kucha safi mno, akaleta viatu visivyo na kasoro yoyote, akakaa saa nzima akimwangalia anavyobandika mpira. Yule, alisema, hakuwa mteja. Alikuwa mhandisi, ametumwa kuja kujifunza.

— Wewe, mhandisi alete viatu vizima kwako? alisema Wakili. Wala hawana haja ya kuja. Kamera yenyewe ina sikio. Tabasamu akiitukana pale studio, ikichomekwa kwenye kompyuta, matusi yanapitia kwenye waya mpaka kule. Asubuhi wakubwa wanakaa mezani, wanasomewa matusi, moja moja, kila mtu anaandika lake.

— Basi wamenisikia mengi, alisema Tabasamu.

— Ndiyo maana hata skrini wameikuza. Ya zamani ilikuwa kama stempu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mama Birika akasema skrini haikukuzwa na haba wala kibaba, ilikuzwa na yeye, kwa kuwa ndiye aliyelalamika kwamba juani haonekani mtu. Tena kama mambo yangekwenda kwa haki, pale kiwandani ukutani pangekuwa na picha ya benchi hili. Wakili akaapa kwamba ipo, alishaambiwa na mtu. Hakumtaja. Kisha akainua kikombe na kutoa hukumu: penye wengi hapaharibiki neno.

Hapo ndipo alipofika katibu wa chama, mwanamke wa makamo, kamera begani na daftari kwapani. Alikuwa amekuja kumchukua Tabasamu waende pamoja. Alisalimia wote, akapewa nafasi na kikombe, akafungua daftari. Alisema kuna jambo dogo tu alitaka kulijaza kwenye kumbukumbu kabla cheti hakijasomwa.

— Kaka, barua mliituma tarehe ngapi? Na nani aliipeleka posta?

Tabasamu akamgeukia Wakili.

— Si nilikupa wewe, saluni yako iko njia ya posta.

— Nilipokea, sikatai. Nikamkabidhi Mama Birika, yeye hupita posta kila alfajiri akienda kununua mkaa.

— Ukanikabidhi nikiwa nimeshika birika mkono huu na vikombe mkono huu, alisema Mama Birika. Nikaimwagia kahawa. Nikamwachia Soli aikaushe, nikajua ataipeleka yeye.

Wote wakamtazama Soli. Soli alikuwa ameshika nyundo na hapigi kitu.

— Ilikuwa na doa la kahawa, alisema. Barua ya heshima haiendi na doa. Nikajua ile ni ya kujaribia tu, Tabasamu ameshaandika nyingine safi.

— Sikuandika nyingine, alisema Tabasamu.

— Sasa nimejua.

Fundi akanyanyuka polepole, akaingia kibandani, akarudi na kipande cha karatasi nene alichokitoa kwenye msumari, kwenye lundo la vipande vya kupimia soli. Kilikuwa kimekatwa umbo la mguu. Siku ile hapakuwa na karatasi nyingine karibu, wakaandika nyuma ya karatasi ya kusafishia picha, na karatasi ya namna hiyo, Soli alieleza akitazama chini, haipindi hovyo, inafaa sana.

— Namba arobaini na mbili, alisema. Wa kulia.

Hakuna aliyecheka. Tabasamu alishika ule mguu wa karatasi akauona mwandiko wake mwenyewe. Miaka mitatu barua ilikuwa imening'inia hatua nne kutoka alipokaa. Kiwanda hakikuwahi kumsikia, wala yeye, wala mtu yeyote wa pale. Aliwaza ukumbi, aliwaza wale waliomwita Fundi wa Migongo, na lile jina jipya watakalomtungia jioni hii wakijua. Aliwaza na shati.

Wakili akainama akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka saluni kwake.

— Sema ilitumwa. Barua hupotea njiani kila siku, nani ataiuliza posta?

— Penye wengi, haya, alisema Mama Birika. Neno halikuharibika. Ila halikuondoka.

Uongo ulikuwa karibu, na ulikuwa rahisi, na katibu alikuwa ameshainua kalamu. Lakini Tabasamu alikuwa ametoka kuwaambia wenzake maneno mazito dakika chache nyuma, na kifua kile kile kilichojaa hakikukubali kuingiza takataka.

— Andika haikutumwa, dada.

— Cheti kimeandikwa "kwa kuwashauri watengenezaji," alisema katibu.

— Basi kisisomwe. Hatukuwashauri. Tulikunywa kahawa.

Katibu akafunga daftari. Tabasamu alidhani anaondoka, lakini yeye alinyoosha mkono, akaomba ule mguu, akaomba na kamera mpya. Akaanza kusoma kutoka kwenye vidole, ambako tarehe ilikuwa bado ipo na mwaka wake. Kosa la kwanza, inachelewa kuamka. Akagusa kitufe, ikaamka. La pili, kitufe cha kufuta. Akakitafuta kwa dole gumba bila kutazama, hakukipata, akatikisa kichwa. La tatu, la nne. Kila akisoma anajaribu, na benchi lote linafuata kidole chake. La sita lilisema kwamba kubadilisha kiasi cha mwanga kunakulazimu uondoe jicho kwenye kidirisha cha kamera, uingie ndani ya menyu, upotee humo, na ukirudi mtu ameshamaliza kucheka. Kwenye toleo jipya palikuwa na gurudumu dogo chini ya kidole. Alilizungusha jicho likiwa kidirishani, akamlenga Mama Birika, picha ikatoka. Alipofika kisiginoni alikuwa amesoma manane, mawili ya mwisho yakiwa yamekwenda na mkasi wa Soli, na katika manane, saba kweli yalikuwa yamerekebishwa.

Kisha akashusha begani kamera yake mwenyewe na kuiweka benchini. Ilikuwa toleo lile la kwanza, imechakaa pembe.

— Hii nimeitumia miaka mitatu, alisema. Nimepoteza picha ambazo sitaki hata kuzitaja. Kila mara nilidhani kosa ni langu. Nilijiona mzito, nikataka kuacha kazi. Wapo wenzangu wanne pale chamani wameacha kweli.

Akaupapasa ule mguu wa karatasi.

— Na nyie mlikuwa mmekaa hapa, mnajua kosa ni la mashine. Tena mmeandika kwa namba.

Tabasamu akaitazama ile kamera iliyochakaa. Alijua jinsi mtu anavyojiona mzito, alikuwa nalo jambo hilo toka siku ya ile harusi. Hakujua kama kuna wengine.

— Cheti nitakirudisha, alisema katibu akinyanyuka. Ila hii utawasomea mwenyewe, mbele, yote kama ilivyo. Na usifiche kwamba haikutumwa. Wajue kwamba kuna watu waliyaona haya bila kuambiwa na mtu.

— Watacheka.

— Watacheka mpaka namba moja. Namba mbili watanyamaza. Nawajua.

Tabasamu akasimama, akanyoosha shati, akaweka kamera mpya shingoni na mguu wa karatasi mfuko wa mbele, vidole vikichungulia nje. Alijisikia mrefu kuliko alivyokuwa asubuhi, na asubuhi alikuwa bado ana cheti cha kungojea. Katibu alipokuwa akirudisha kikombe, akasita.

— Lakini sasa, kama barua haikufika, wale wa kiwandani walijuaje?

Wakili akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekewe tofali, akaufunga bila kutoa kitu. Mama Birika akalitikisa birika, likajibu kwamba halina kitu. Soli ndiye aliyerudisha misumari mdomoni, akaokota kiatu.

— Kwani na wao hawana benchi? alisema.