Mzee Vedastus na Shimo la Mgeni Rasmi

Shikamooni wazee wote mtakaoshika karatasi hii siku ya sherehe. Shikamoo Mzee Vedastus, mwenye siku yako. Shikamoo Bibi Anselma, mama yake mzee, natumaini kifua kimetulia na lile blanketi jipya unajifunika, hujalificha kabatini ukisubiri wageni. Mama Theodory, mke wa mzee, habari za mguu? Theodory na mkeo huko Arusha, hamjambo, na wale watoto wamepona surua? Elisifa mwanangu, uliyebaki nyumbani kumtunza bibi, Mungu anakuona. Hata ng'ombe wenu mweusi namsalimia, maziwa yake yameingia kwenye chai ya ofisi yetu miaka yote. Kwangu ni wazima. Baba Aika yuko mlimani na mizigo ya wageni, Aika yuko shule, na mimi sina ugonjwa wowote. Nina hasira tu, na nitasema ni ya nini.

Mzee Vedastus anastaafu tarehe thelathini Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia ofisi ya kata yetu hapa Kibosho miaka thelathini na mmoja. Cheo chake ni mhudumu wa ofisi, kama mimi ninayefagia na kuchemsha chai. Lakini hakuna anayemjua kwa cheo hicho. Watu wanamjua kwa kipaza sauti. Chanjo ikija ni yeye. Mkutano ni yeye. Ng'ombe amepotea, mtoto ameonekana, maji yatakatwa, ni Mzee Vedastus anapita vihambani, kwenye migomba ya kila nyumba, na kipaza begani. Wakamwita Mzee wa Matangazo, na jina likashika.

Mtendaji wetu wa kata ameniambia niandike mimi kwa sababu nimekaa naye muda mrefu kuliko wengine. Akasema, "Mama Aika, andika ya kuchekesha kidogo, ya kushukuru, siasa uiache." Nimeanza na ya kuchekesha, kama alivyotaka.

Kile kipaza kilikuwa kinakufa kila mwaka na kufufuliwa mjini Moshi na Mzee Mohinder, fundi wa redio. Siku moja Mohinder alikifungua, akakitazama ndani, akasema, "Vedastus, hii kitu imekohoa kama wewe. Nani amemwambukiza mwenzake?" Mzee akajibu, "Mimi nimeambukizwa na hiyo. Inasema maneno ya watu, kikohozi kinabaki kwangu." Walicheka mpaka mteja mwingine akaondoka. Mohinder hakumtoza kitu, alimwambia tu asikiweke tena jikoni kwenye moshi.

Tena alikuwa na utaratibu wake. Kiongozi akija kuhutubia, Mzee anasimama pembeni anamrudishia kwa Kichagga, kwa ajili ya bibi zetu wanaosikia Kiswahili kwa shida. Na alikuwa anayatengeneza maneno yao! Kiongozi anasema robo saa, Mzee anamaliza kwa pumzi mbili, na bibi wameelewa yote.

Sasa nije kwenye shimo, maana sherehe yenyewe imepangwa juu ya hilo shimo.

Kila mwaka tuna siku ya kupanda miti. Mgeni rasmi anakuja na gari, na barabara yetu mnaijua, gari zuri linaishia pale kona ya kanisa. Chanzo cha maji kiko juu zaidi, mwendo wa miguu kwenye korongo. Basi miti inapandwa pale gari linapoishia. Kwenye vumbi, karibu na mbuzi wa watu. Na mwenye kuchimba shimo la mgeni rasmi ni Mzee Vedastus. Akaona kuchimba jipya kila mwaka ni kujichosha, kwa sababu mti wa mwaka uliopita umeshakufa na udongo bado mlaini. Akawa anafukua lile lile. Wageni rasmi wanne wamepanda mti kwenye shimo moja! Mmoja aliukuta mti wa mwenzake umekauka umesimama, na kibao chenye jina bado kinaning'inia. Mzee akaung'oa kama anang'oa jino, akakiweka kibao mfukoni, akasema, "Karibu Mheshimiwa, shimo limeshaandaliwa." Wakapiga makofi, wakapiga picha, wakanywa soda, wakashuka.

Tulicheka sana miaka ile. Siku hizi sicheki, na nitawaambia kwa nini.

Mwaka juzi maji ya mfongo wetu, huu mfereji wa mababu unaotoka korongoni na kupita kihamba hadi kihamba, yalianza kukatika. Migomba ikasinyaa, kahawa ikamwaga majani kabla ya kuzaa. Watu wanakata miti chanzoni kwa misumeno ya moto, wengine tunalima mpaka kwenye maji. Mzee Vedastus akapita kuita mkutano. Alipita siku nzima, mpaka kitongoji cha mwisho, na mvua ikamnyeshea. Na watu wakaja! Sijawahi kuona umati ule. Ulijaa uwanja, wengine wakakaa juu ya ukuta. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki wakasikiliza.

Tukakubaliana kwa mikono juu. Hakuna kukata mti chanzoni. Hakuna kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji. Kila nyumba itoe mtu wa kuchimba mfongo. Mimi nilikuwa na kipande cha magimbi pale pale kwenye maji, ndicho kilichokuwa kinanipa madaftari ya Aika. Niliinua mkono huku roho inaniuma, na kesho yake nikaenda kuyang'oa. Wengine waliacha zaidi yangu. Mzee Vedastus aliacha migomba yake yote ya upande ule, na akatangaza mwenyewe kwa kipaza kwamba ameacha, ili asiwepo wa kusema anawasemea wenzake tu.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Diwani wetu, Mheshimiwa Godlove, aipeleke hoja yetu halmashauri iwe sheria, ili mwenye msumeno akikamatwa asituambie "nionyesheni karatasi". Alisimama mbele yetu akasema, "Wazazi wangu, nipeni mwezi." Mzee akairudisha kwa Kichagga, na bibi wakapiga vigelegele.

Mwezi ukapita. Mwaka ukapita. Watu wanasema wenye misumeno ndio walioshika bendera za kampeni yake. Mimi hayo siyajui. Ninachojua ni kwamba hoja haikupelekwa, na sisi tulioacha magimbi tukawa tunasikia msumeno unalia kule juu kuanzia asubuhi, na miti tuliyoihurumia inashushwa mbele yetu.

Masika ya mwaka jana mvua ikaja yote kwa pamoja. Ukingo usio na miti ulishuka usiku mmoja. Ukafukia banio la mfongo, pale maji yanapoingilia, ukabeba lile daraja la miti wanalopita watoto wetu kwenda shule. Tangu hapo Aika anashuka korongoni na kupanda upande wa pili. Wingu likikaa mlimani tu mimi sina raha. Nasimama ukingoni na ufagio wa ofisi mkononi mpaka afike ng'ambo aniinulie mkono. Mama yeyote anayesoma hapa anajua ninachosema. Kuna siku ukungu ulikuwa mzito, aliinua nisimwone, nikapiga kelele mpaka mtendaji akatoka ofisini bila viatu.

Na mfongo haujapita tena. Mvua ikizidi tunaogopa, ikikoma hatuna maji.

Ndipo mwezi wa nne mwaka huu, siku ya kupanda miti, Mheshimiwa Godlove akashika kipaza pale kwenye shimo lile lile, akasema mbele ya wageni kutoka wilayani, "Tatizo letu kubwa la tabianchi huku ni kwamba wananchi hawana mwamko."

Jamani! Mwamko! Sisi!

Akanyamaza kumsubiri Mzee arudishe kwa Kichagga. Mzee hakurudisha. Alivua kofia, akaishika mkononi. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Vedastus, diwani kasemaje?"

Mzee akamjibu, "Hajasema kitu, mama."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Wageni wa wilayani wakawa wanaulizana kuna nini. Mheshimiwa alipanda mti wake haraka haraka, akauweka umeinama, akaondoka kabla ya soda.

Katika miaka thelathini na mmoja, kwangu hilo ndilo tangazo kubwa la Mzee Vedastus, na ninaliandika hapa ili liingie kwenye sifa zake pamoja na chanjo na ng'ombe.

Lakini hasira yangu haijaishia hapo. Yule mzee wameshamharibia sauti. Siku hizi akipita na kipaza watu hawatoki. Nimesikia kwa masikio yangu mwanamke anamwambia mwenzake, "Ukimwona Vedastus na lile pembe lake, funga mlango, kuna ahadi inakuja." Vijana wanampigia kelele, "Mzee, leo unatuletea uongo wa nani?" Yeye anaitikia kwa mkono tu, anaendelea. Akirudi ofisini anakaa kwenye benchi langu, chai inapoa mbele yake. Viongozi wameitumia sauti ya mtu mwaminifu kama kitambaa cha kufutia meza, halafu wanamrudishia anuke yeye.

Wiki moja baadaye Mheshimiwa alikwenda nyumbani kwa Mzee na mmea wa isale. Kwetu Uchaggani mtu aliyekukosea akija na isale mkononi, humfukuzi. Unapokea, yanaisha. Na hakuleta jani, alileta shina zima, kama mtu anayejua kosa lake ni kubwa. Mzee akapokea, maana ni mtu wa mila. Wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndiyo maana siku ya sherehe Mzee hatasema neno juu ya haya, ameshasamehe.

Mimi sikuletewa isale. Korongo halikuletewa. Aika hakuletewa. Ndiyo maana nasema mimi.

Sasa ratiba ya sherehe inasema mgeni rasmi ni Mheshimiwa Godlove, na baada ya chakula atapanda mti wa kumbukumbu ya Mzee Vedastus. Wapi? Kwenye lile shimo! Nilipoisoma nilikaa chini. Wampandie mzee huyu mti wa kufa?

Tukaenda wanawake, tukaung'oa ule mti wake wa mwezi wa nne uliokwisha kukauka, tukalifukia, tukakanyaga mpaka pakawa sawa. Na Mama Theodory, aliyekuwa hajalitupa lile shina la isale, akalichomeka katikati. Limeshika. Lina majani mapya mawili. Ndicho kitu pekee kilichowahi kushika pale tangu tuanze kupanda miti. Isale kazi yake ya pili kila Mchagga anaijua, ni mpaka. Likishasimama, huruki wala hung'oi. Na hilo, Mheshimiwa, ni la mkono wako mwenyewe.

Mzee alipoliona alicheka mpaka kikohozi kikampata. "Mama Aika, mtanifukuzisha kazi!"

Nikamwambia, "Kazi gani Mzee, si unastaafu?"

Kamati ilimuuliza anataka zawadi gani, kochi au bati. Akasema kochi analo. Anataka tangazo moja la mwisho, na liwe la kweli. Anataka apite vihambani siku ya mwisho awaambie watu kwamba ile hoja ya mkutano wa mwaka juzi imepelekwa halmashauri, wapande wote juu chanzoni wakafukue banio. Kipaza amekichaji. Mohinder amekifunga waya mpya, kama zawadi yake. Lakini ameapa hatakiwasha kwa "inashughulikiwa" wala "nipeni mwezi". Akikosa la kweli, atakirudisha ofisini kimya na kwenda nyumbani.

Mzee Vedastus, asante. Asante kwa mvua uliyonyeshewa kwa ajili yetu. Asante kwa siku ulizonishikia ufagio nikamtazame Aika avuke. Vaa koti asubuhi, usishuke korongoni peke yako, na ile dawa ya kifua umalize chupa. Ukae nyumbani kwako vizuri na Mama Theodory, na mfongo upite nyuma ya nyumba yenu mpaka muuzoee, msiusikie tena.

Na wewe Mheshimiwa Godlove, niliyekutumia nakala hii kabla ya sherehe, mwanangu, maana umri wako ni wa kunipa shikamoo, mti tumekuwekea. Uko kule juu chanzoni, na shimo lake ni jipya, nimelichimba mimi. Gari halifiki, utatembea kama Aika. Ipeleke hoja yetu halmashauri, kisha uje upande. Tuletee neno haraka kama unakuja na jibu au unakuja kula tu. Mbege tumeshaiweka na siku zake zinakwisha, Mama Theodory hajui apike pilau ya watu wangapi, na Mzee amekaa barazani, kipaza magotini, anasubiri aambiwe awashe.

Mama Aika, mhudumu, ofisi ya kata