Mwalimu Kusumoto na Nywele za Chisato

Tarehe 31 Machi mwaka huu, Mwalimu Fumie Kusumoto anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya kuuguza watoto wa shule, tisa ya mwisho akiwa hapa kwetu, Shule ya Kati ya Hanekura. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila hasira nayo ina lake la kusema.

Chumba chake cha afya kilinukia chai ya shayiri. Kila siku ya mtihani wa hisabati kilifurika wagonjwa wa tumbo, naye aliwapima joto mmoja mmoja bila kucheka, akawanywesha chai, kisha akawaambia, "Haya, umepona. Nenda kapambane na x yako." Wengi walipona kweli.

Miaka sita iliyopita akaja Chisato Nagumo, mtoto wa darasa langu. Chisato alizaliwa na nywele za kahawia. Mama yake alijaza cheti cha nywele za asili, cha kuthibitisha kwamba hazikupakwa rangi, kama tunavyowadai wazazi wote wa watoto wasio na nywele nyeusi, akaambatanisha na picha za utotoni. Makamu Mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Odagiri, alizitazama akasema nywele za kitoto si ushahidi. Binti akaamriwa azipake rangi nyeusi. Zikiota kahawia kidogo tu, anarudishwa getini, au anapuliziwa rangi ya kopo papo hapo. Akapaka na kupaka mpaka ngozi ya kichwa ikatoka vidonda, na aliyevisafisha vidonda hivyo alikuwa Mwalimu Kusumoto.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1994. Bango lake tumelibandika pale kwenye makabati ya viatu. Kila asubuhi watoto wetu hulipita, wakavua viatu, na haki zao wakaziacha humo humo kabatini.

Siku moja Bwana Odagiri aliona aibu kumpulizia mtoto rangi getini mbele ya majirani, akaagiza kazi hiyo ihamie chumba cha afya. Mwalimu Kusumoto alisimama kwenye kikao cha asubuhi akasoma kanuni yetu wenyewe: ni marufuku mwanafunzi kupaka nywele rangi.

"Sasa Makamu," akauliza, "mtoto akivunja kanuni kwa amri yetu, tumwite mzazi wa nani?"

"Mwalimu, si kwa faida yake mwenyewe? Shule za juu zikimwona hivi zitasema ni mhuni. Na majirani je, watatuelewa?"

"Kama rangi ni faida, basi wewe umeshafaidi vya kutosha. Mwachie mtoto kichwa chake."

Ikumbukwe kwamba Bwana Odagiri, akiwa na miaka hamsini na minane, hakuwa na mvi hata moja. Tuliinamia vikombe vyetu vya chai tusionekane tukicheka. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe.

Lakini kicheko hakikubadili kitu. Mwalimu Kusumoto akapeleka malalamiko kwenye Kamati ya Elimu, akajibiwa kwamba kutunga kanuni ni mamlaka ya shule. Yaani sheria ya nchi inamlinda mtoto, mradi tu asivuke geti! Jambo hili liliniudhi wakati ule, na linaniudhi hadi leo.

Chisato aligoma kupaka tena. Akaambiwa mahafali hataingia ukumbini. Cheti chake cha kuhitimu atakichukua baadaye, ofisini. Siku yenyewe ikafika. Nilisoma majina ya darasa langu, na kila mtoto akasimama na kuitika "Hai", yaani naam, kama ilivyo ada. Aliyekosekana husomwa, kisha anapitwa kimya. Nikasoma, "Nagumo Chisato."

"Hai!"

Sauti ilitoka nyuma. Mwalimu Kusumoto alikuwa ameushika mlango wa ukumbi kwa mikono miwili, na binti akapita katikati ya wazazi wote, nywele zake za kahawia mgongoni, akapanda jukwaani. Mkuu wa shule akampa cheti. Angefanyaje mbele ya umati ule? Paa halikuanguka. Mama yake alilia kwa sauti.

Kwa kosa hilo Mwalimu Kusumoto aliandikiwa karipio. Tangu siku hiyo karatasi ya karipio lile imekuwa kitandiko cha birika lake la chai.

Sasa tumetaka kumuaga kwa maua, akakataa. Ameomba zawadi moja tu: amri ya rangi nyeusi ifutwe kabla ya watoto wapya kuingia Aprili. Tumejibiwa kwamba kamati ya kanuni ya hapa shuleni inalitafakari. Miaka sita inatafakari!

Mwalimu, asante kwa chai, kwa dawa, na kwa kutotunyamazia. Nenda ukapumzike, na uzee ukupendeze, mvi zako zikiwa nje. Miongoni mwa watoto wa Aprili yumo mdogo wake Chisato, na nywele zake ni za kahawia. Usihangaike. Mlango safari hii tutaushika sisi.

Takeru Minegishi, Mwalimu wa Sayansi