Mzee Saa Tisa, Mvuta King'ora wa Kiwanda cha Saruji

Marehemu ndugu yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya ghala la saruji, mtoto wa tatu wa mpakiaji mizigo wa bandarini. Mama alikuwa akisema alizaliwa na vumbi kichwani, lakini mama naye kwa utani hakuwa haba.

Alisoma shule ya msingi kando ya reli ya bandari hadi 1962. Hesabu zilimpiga chenga.

Mwaka 1966 aliajiriwa kiwandani, na baada ya miaka miwili akakabidhiwa mnyororo wa king'ora. Enzi hizo mji mzima uliishi kwa king'ora kile: zamu zilipokezana, maduka yalifungwa, sufuria ziliinjikwa.

Tarehe 6 Juni 1970 alimwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Tarehe 5 Mei 1971 mkunga alipiga simu kiwandani kwamba amepata binti. Kwa furaha akavuta king'ora cha saa kumi, kumbe ndiyo kwanza saa tisa. Watu mia nne wakashika njia, meneja akabaki na tanuri lake. Alimfokea weee, halafu akamuuliza kama mama na mtoto hawajambo. Jina la Saa Tisa likamganda hadi leo.

Kiwanda kilifungwa 1998, na vyuma vyake vikaanza kung'olewa. Marehemu hakupata raha. Akawa anawazungusha wageni: bomba la moshi ambalo mabaharia huliona kabla ya mnara wa taa, winchi ya kwanza ya bandari, mabwawa ya chumvi na ndege wake, gati la zamani ambako maharusi hupigia picha. Alimalizia king'orani kila mara. "Hiki ndicho kilichotulea," aliwaambia. Wakubwa wa mji walichoka kumsikia, na mwaka 2006 wakakubali kibaki. Fundi gereji akakifungia pampu ya upepo badala ya mvuke wa kiwanda, naye akawa anakivuta kila siku saa kumi.

Mapafu yalianza kumsumbua Agosti 2021. Aliendelea na wageni wake, akipumzika kila kona. Wodini alihangaikia jambo moja tu: nani atauvuta mnyororo ule.

Mkewe, aliyempelekea chakula pale king'orani miaka yote, akamwambia, "Baba watoto, mnyororo ule naujua. Na saa naijua kuliko wewe."

Alicheka hadi nesi akaja kutazama. Kesho yake, Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa mbili asubuhi, akatutoka.

Ameacha mjane, yule binti wa saa tisa, wana wawili, wajukuu saba, na sisi kaka zake wawili.

Leo saa kumi kamili mjane atakivuta king'ora. Anaomba mtu asiondoke mapema.

Zamu yako imekwisha, ndugu yetu. Pumzika kwa amani.