Mbuzi Anayesikia Kifaransa

Bunia nzima hakuna anayepima hotuba kama mimi. Sauti nzuri hainidanganyi hata kidogo. Mimi nataka ushahidi. Ndiyo maana, ndani ya basi ya Marabo, niliwasikiliza majirani zangu kama jaji.

Mama mmoja alikuwa amegundua kwamba papa, mzee aliyeketi kando yake, ndiye aliyekuwa juri aliyeamua mjadala wa vijana wa parokia: kati ya mbuzi na ng'ombe, nani ana faida zaidi? Binti yake Elodie alitetea ng'ombe akashindwa, na sasa Willy, aliyetetea mbuzi, ndiye atakayekwenda kwenye fainali ya Mahagi.

"Papa, mutoto yangu alileta preuve, ushahidi kabisa: maziwa, mbolea, kazi ya shamba. Willy alileta nini?"

"Mama, ule kijana iko na sauti. Alisema 'statistiques', zile hesabu za wasomi, akanyamaza, akaangalia plafond kule juu. Siye wote tukanyamaza naye."

"Na hizo statistiques zilisema nini?"

Papa alikohoa. "Zilisema mbuzi anasikia Kifaransa."

"Nani aliuliza hao mbuzi?"

"Hakusema. Lakini kule kutosema kwake kulikuwa kuzuri sana."

Nilicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyesoma.

"Ningefanya nini, mama?" papa akajitetea. "Watu walisimama, wakapiga makofi."

"Nani anaweza kusimama kwa ajili ya mbuzi wa Kifaransa?"

Basi ikasimama Marabo. Mwimbaji mmoja wa kwaya ya parokia, aliyeketi nyuma yangu, akaninyooshea kidole. "Huyu hapa anayecheka. Siku ile ya mjadala alipanda juu ya kiti, akatoa machozi."